Hapa Hatufuti

Kila siku nikitoka shule napitia zahanati anakofanya kazi mama. Yeye hugawa dawa dirishani, mimi hukaa nyuma yake nikifanya hesabu zangu. Wagonjwa wakiisha, hulinganisha karatasi za daktari na daftari la dawa, huku akinitania kwamba kwa mwandiko wangu huu, lazima nitakuwa daktari.

Jumatano moja utani ulikatika ghafla. Mama alisoma karatasi moja, akairudia, uso ukambadilika.

"Yule mtoto wa fundi mwashi," alisema. "Daktari ameandika nusu kijiko kutwa mara mbili. Mimi hapa, na kwenye chupa, nimeandika vijiko viwili kutwa mara tatu. Nimempa mtoto dozi ya mtu mzima!"

Alimpigia simu fundi, hakupatikana. Hapo akachukua kalamu, akapiga mstari mmoja juu ya maneno yale daftarini, akaandika yaliyo sawa chini yake na kutia saini. Nilishikwa na hofu. Mama ndiye anayetulea sisi sote watatu.

"Mama, si ungefuta tu?" nilinong'ona. "Tukabadilishe chupa kimyakimya. Daktari akijua atakufukuza!"

"Hapa hatufuti," alijibu, akaenda moja kwa moja kumweleza daktari.

Daktari alikunja uso. "Kimbia kwanza, dada. Mengine kesho."

Kadi ya mtoto pale zahanati ilionyesha kuwa fundi anakaa nyuma ya soko. Tulikwenda mbio, nami sikuacha kumuuliza kwa nini hatufuti; mdomo wangu haujui kuchoka.

"Nilipokuwa darasa la nne," mama alisema akihema, "nikikosea hesabu nalowesha kidole kwa mate, nasugua mpaka daftari linatoboka. Niliogopa kuchekwa. Nikahamia shule ambayo raba ya kufutia ilikuwa marufuku. Mwalimu wetu tulimwita Hatufuti. Ukikosea, unapiga mstari mmoja, unaandika jibu jipya chini, kisha unaeleza ulipoteleza. Darasa zima linakupigia makofi. Anayecheka anafagia darasa."

"Na ukikosea tena?"

"Mwalimu anabaki nawe baada ya masomo mpaka uelewe. Kila mara alituambia, mficha maradhi kifo humuumbua."

Tulimkuta bibi wa mtoto jikoni, mjukuu analia mgongoni, chupa iko wazi mezani.

"Karibuni, wanangu. Nimechelewa kumpa dawa," alilalamika. "Wajukuu hawa wamechimbia udongo vijiko vyangu vyote!"

Sijawahi kufurahia vijiko vilivyopotea kama siku ile. Mama aliichukua chupa kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyeandika maelezo haya, na nimekosea. Dozi hii ingemdhuru mtoto. Nisamehe."

Bibi alimpandisha mjukuu vizuri mgongoni. "Umekimbia njia yote hiyo kuja kujisema mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Basi dawa zetu tutaendelea kuchukua dirishani kwako. Sasa niandikie vizuri, na hicho kijiko unitafutie wewe."

Kesho yake daktari alimpa mama barua ya onyo. Aliagiza pia kwamba tangu siku hiyo kila chupa isomwe na watu wawili kabla ya kutolewa. Mama aliileta barua nyumbani, akatusomea sote mezani bila kuruka neno.

"Haikuumi?" nilimuuliza.

"Inauma sana. Lakini yule mtoto amelala salama." Alinivuta karibu. "Mwanangu, kila afanyaye kazi kuna siku atakosea. Mimi nilibahatika kupata mwalimu na darasa walionipigia makofi niliposema ukweli, nikiwa mdogo kama wewe. Ndiyo maana jana miguu yangu ilijua pa kwenda. Ukikosea, sema mapema, wakati kosa bado linarekebishika."