Fito Zenye Majani Mapana

Kila asubuhi, jua linapochungulia juu ya milima ya Livingstone, Kisa huwa amekwisha kufagia uwanja, ameosha sufuria ya jana, na anagombania kiporo cha wali na kaka zake wawili wenye mikono mirefu. Akishinda, anakwenda shule ameshiba. Akishindwa, anakwenda shule amenuna. Njiani humpitia rafiki yake Salma, ambaye baba yake, fundi Muksini, anashona nguo barazani kwake hapo Matema.

"Salma! Umeshavaa?"

"Nimevaa nusu!"

"Nusu ya juu au ya chini?"

"Usiniulize maswali magumu asubuhi!"

Wakifika shuleni, hawaendi darasani moja kwa moja. Wanazunguka nyuma, kwenye kijito kinachopita kandokando ya uwanja wa mpira. Kijito hicho kina tabia mbaya. Kiangazi kinatiririka kimya kama mtoto aliyefanya kosa, na masika kinakula ukingo bila kushiba. Mwaka uliopita kilikula kona nzima ya uwanja pamoja na goli moja, likaonekana likielea kuelekea Ziwa Nyasa. Ndiyo maana klabu ya mazingira ya darasa la sita iliamua kupanda vichaka ambavyo mizizi yake hushika udongo.

Aliyewafundisha vichaka hivyo ni Mwalimu Mansuri. Aliwaonyesha picha kitabuni, ya nchi za tundra, kule kaskazini ya mbali kwenye barafu.

"Mnaona huu? Huu ni mti," alisema, akigusa kitu kilichotambaa juu ya mawe.

"Mwalimu, huo ni mkeka!" Salma alisema, darasa zima likacheka.

"Ni mti, ila umejilaza ili upepo wa barafu usiuvunje. Kifaranga angeweza kusimama juu yake akaona mbali. Wataalamu wanauita Salix. Sasa sikilizeni: una ndugu yake hapa hapa kwetu, kando ya mito. Huyu wa kwetu hana baridi ya kumlaza, kwa hiyo anasimama."

Kisha akawaonya. Wataalamu wenyewe, alisema, hubabaika kutambua vichaka hivyo huko tundra, kwa sababu majani hudanganya. Kichaka kimoja kinaweza kuwa na majani membamba upande huu na mapana upande ule. "Usitazame jani moja ukadhani umemaliza. Tazama jinsi majani yanavyokaa kwenye ufito: moja huku, jingine kule, hayakai mawili mawili. Tazama na tumba, pale jani jipya linapojificha. La huyu limefunikwa na kigamba kimoja tu, kama kofia. Halafu tazama zaidi ya tawi moja."

Kisa aliyashika maneno hayo yote. Siku ya kukata fito za kupanda, wenzake walikwenda darajani, kwenye kichaka kikubwa ambacho hakuna anayekigusa. Kisa alikwenda mwaloni, pale mitumbwi inapopumzika na wavuvi wanapofuma migono, ile mitego ya samaki inayofanana na kikapu kirefu. Vichaka vya mwaloni hukatwa kila mwaka, maana fito zake ndizo zinazofumiwa migono. Vikikatwa huchipua upya, fito ndefu zilizonyooka kama rula. Kisa alizikagua moja moja: majani yanakaa moja huku, jingine kule. Tumba limevaa kofia. Akakata mzigo wake, akaupanda kwenye kona ya kijito, pale maji yanapouma zaidi, akauwekea samadi na kuumwagilia kila siku.

Fito zake zilishika kabla ya za wenzake. Na hapo ndipo balaa lilipoanza, kwa sababu zilitoa majani mapana yenye vinyweleo, wakati za wenzake zilikuwa na majani membamba, laini.

Wa kwanza kuona alikuwa Ambrose, kiranja wa mazingira, mvulana ambaye hata chooni huenda kama anakagua. Hakumwuliza Kisa. Alikwenda kwa Mwalimu Mansuri. Asubuhi iliyofuata, wanafunzi wote wakiwa mstarini, Mwalimu akamwita Kisa mbele.

"Kisa, zile ulizopanda konani umezitoa wapi?"

"Mwaloni, Mwalimu."

Watoto wakaguna. Kila mtu Matema anajua kwamba kichaka cha mwaloni ni cha migono, na kichaka cha darajani ni cha kivuli. Ni vitu viwili. Babu zao walijua hivyo, baba zao wanajua hivyo.

"Nilimwona kwa macho yangu," Ambrose alisema. "Sisi tumetembea mpaka darajani na jua lile, yeye amekata vya karibu na kwao. Uvivu tu!"

"Si uvivu! Nimevikagua. Ni kichaka kile kile, Mwalimu. Tumba lake lina kofia..."

"Kisa," Mwalimu alimkatiza, akainua jani pana kwa mkono mmoja na jembamba kwa mkono mwingine, ili shule nzima ione. "Haya ni majani ya kichaka kimoja?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Wakacheka mpaka wa darasa la kwanza, ambao hawakujua wanachokicheka.

"Uvivu ningekusamehe," Mwalimu alisema. "Lakini sipendi uwongo. Kesho mchana Ambrose atang'oa zile fito, tupande za kweli kabla ya mvua. Rudi kwenye mstari."

Kisa alirudi. Masikio yalimwaka moto. Angekuwa ameiba, angeinamisha kichwa. Lakini mtu asiye na kosa anainamisha nini? Aliangalia mbele, macho makavu, akaapa moyoni kwamba hatalia mbele ya Ambrose hata akikanyagwa na ng'ombe.

Alilia walipofika kwa kina Salma.

"Mbele ya shule nzima! Mwongo! Hata hakuja kuzitazama. Ameshika majani mawili tu!"

Salma alifikiri kidogo, kisha akaingia barazani na kutoka na mkasi wa baba yake, ule mkubwa wa kukatia vitambaa.

"Njoo tuyapunguze."

"Tupunguze nini?"

"Majani! Tunayakata pembeni yawe membamba. Baba hupunguza hata suruali ya mtu mnene. Kesho Mwalimu akija, yote yamekonda."

Kisa alicheka huku machozi yakimtoka. Kwa dakika moja wazo lile lilimvutia. Akaona fito zake zimesimama salama, na Ambrose mdomo wazi. Kisha akausukuma mkasi.

"Hapana. Sasa hivi wananiita mwongo na mimi siyo. Nikiyakata, nitakuwa mwongo kweli, na nitakuwa nimemfanya Ambrose msema kweli. Hilo siliwezi!"

"Basi utafanya nini?"

"Mwalimu alisema tutazame zaidi ya tawi moja. Nakwenda kutazama."

Wakaenda wote wawili mwaloni, jua likiwa bado juu ya maji. Walipita kichaka kwa kichaka. Kila kimoja kilikuwa kimekatwa karibu na ardhi, na kila kimoja kilikuwa na fito changa za majani mapana. Salma alianza kulalamika kuhusu viatu vyake. Kisa hakumsikia. Alikuwa amesimama mbele ya mtumbwi wa mvuvi mmoja aitwaye Anyosisye, akitazama kamba iliyoufunga.

Kamba ilikuwa imefungwa kwenye tawi. Tawi hilo lilikuwa nene kama mkono wa mtu mzima, na lilikuwa limeachwa lizeeke bila kuguswa, majani yake membamba na laini kama yale ya darajani. Kisa akapiga magoti, akafukua mchanga kwa vidole. Tawi lilitoka kwenye kisiki. Na upande wa pili wa kisiki hicho hicho zilitoka fito changa, majani mapana yenye vinyweleo.

"Gwe mwana, unafukua nini hapo?" Anyosisye aliuliza, akiwa na mgono aliofuma nusu mapajani.

"Ugonile, baba," Kisa alimwamkia. "Tawi hili mbona hamjalikata?"

"Nikikata nitafunga wapi mtumbwi? Kwenye shingo yako?"

"Na hizi fito na hili tawi ni kichaka kimoja?"

Mzee alitazama kisiki, akakuna kidevu. "Ee, kumbe! Mimi nafunga kamba hapa miaka yote, sijatazama majani. Natazama fundo."

Kisa aliruka akapiga kelele hadi bata wakakimbilia majini.

Asubuhi alimngoja Mwalimu Mansuri mlangoni mwa ofisi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuomba msamaha?"

"Hapana, Mwalimu. Nimekuja kuomba uje mwaloni."

Mwalimu akakunja uso. "Kisa, jambo hili limekwisha."

"Kwangu halijaisha." Hakuinamisha macho. "Mwalimu, ulitufundisha mwenyewe tusitazame jani moja tukadhani tumemaliza. Tutazame tumba, na zaidi ya tawi moja. Mimi nilifanya hivyo. Jana mstarini ulitazama majani tu. Nikikuletea matawi mawili, Ambrose atasema nimeyachuma kwenye vichaka viwili. Ndiyo maana naomba uje uone kwa macho yako. Ukiona nimekudanganya, nitazing'oa fito zote kwa mikono yangu."

Si rahisi mtu kurudishiwa maneno yake mwenyewe na mtoto wa darasa la sita. Wako walimu ambao wangechukua fimbo. Mwalimu Mansuri alichukua lenzi yake ya kukuzia.

Mapumziko yalipofika walikwenda mwaloni, Salma nyuma yao, safari hii bila kutaja viatu. Mwalimu alichuchumaa kwenye kisiki. Alifuata tawi la zamani kwa kidole mpaka chini, kisha akafuata fito changa mpaka chini. Akaweka lenzi kwenye tumba la upande huu: kofia moja. Tumba la upande ule: kofia moja. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena, akatazama upya.

"Kumbe ni kukatwa," alisema polepole. "Kikikatwa, kinatoa majani mapana ya ujana. Kikiachwa, majani yanakuwa membamba. Na ufito ukipandwa, unafuata majani ya tawi ulikotoka. Mwaloni hamkiachi kizeeke, darajani hakuna anayekikata. Kwa hiyo kijiji kizima..."

"Na wewe, Mwalimu," Salma alimalizia, kisha akajificha nyuma ya Kisa.

"Na mimi," Mwalimu alikubali. Ghafla akasimama. "Ambrose! Ana jembe!"

Walirudi mbio. Mwalimu Mansuri hakuwa amekimbia tangu alipokuwa chuoni, lakini siku hiyo alikimbia. Ambrose, kiranja asiyesubiri mchana, alikuwa tayari konani. Mstari mzima wa mwanzo ulikuwa umelala chini, na kila ufito ulining'iniza mizizi myeupe kama nyuzi.

"Acha!" Kisa alipiga kelele. "Umeziua!"

"Mwalimu alisema..."

"Mwalimu alikosea," Mwalimu Mansuri alisema, akihema. Akamweleza yote, akampa lenzi. Ambrose alitazama tumba la ufito aliong'oa, kisha akatembea hadi kwenye ufito wake wa darajani, akatazama tumba lake. Alirudi ameshusha mabega.

"Nilidhani umekwepa kazi, Kisa. Kweli nilidhani."

"Ungeniuliza!"

"Nilipaswa kukuuliza," alikubali.

"Mdomo unao, tena mkubwa!"

"Kisa, basi," Mwalimu alisema, ingawa alikuwa akijizuia kucheka. "Mizizi bado ina maji. Ambrose, chota ndoo. Wewe ndiye utakayezimwagilia mpaka zishike."

Wakazirudisha ardhini wote wanne, Mwalimu akipiga magoti kwenye tope na suruali yake ya kazini. Kisa alifukia shimo moja baada ya jingine akishindilia udongo kwa nguvu, maana hasira yake ilikuwa bado haijapoa, na hakuona sababu ya kuiharakisha.

Asubuhi iliyofuata, mstarini, Mwalimu Mansuri alimwita Kisa mbele. Watoto wakaanza kunong'ona, wakidhani sasa ni viboko.

"Juzi nilimwita mtoto huyu mwongo," alisema. "Nilimwita hapa hapa, mbele yenu nyote, kwa hiyo siwezi kumsafisha ofisini mlango ukiwa umefungwa. Kisa alisema kweli. Mimi ndiye niliyekosea. Nisamehe, Kisa."

Hata wa darasa la kwanza walielewa.

"Nataka mjifunze mambo mawili," Mwalimu aliendelea. "Kabla hujamtia mtu hatiani, nenda ukatazame, hata kama jambo unaliona wazi, hata kama kijiji kizima kinasema hivyo. Na wewe uliyesingiziwa, usiufiche ukweli wako wala kuupunguza ili wengine waukubali. Simama nao, useme kwa heshima, uonyeshe ushahidi. Kisa angeweza kunyamaza, na leo kona ile ingekuwa tupu, ikingoja mvua."

Akamgeukia. "Una la kusema?"

Kisa aliwatazama wote waliomcheka, mstari kwa mstari, mmoja mmoja, na hakufanya haraka.

"Ndaga, Mwalimu," alisema, akishukuru kwa lugha ya nyumbani. "Nimekusamehe. Hawa waliocheka, mchana waje konani na ndoo."

Na walikuja.