Matone ya Saa Nane Mchana

Siku ya tatu baada ya kutolewa mtoto wa jicho, Mzee Sekunde aliwekewa dawa ya saa nane mara mbili.

Mara ya kwanza alikuwa amelala chali chumbani, pazia limefungwa, jicho la kulia likiwa chini ya kifuniko cha plastiki kilichobandikwa usoni kwa plasta. Alisikia mlango ukisukumwa. Godoro likabonyea ubavuni pake. Vidole vikabandua plasta, vikavuta ukope wa chini polepole, na tone moja likadondoka, baridi mpaka akalisikia kisogoni. Kisha kifuniko kikarudishwa mahali pake.

“Ahsante, mama,” alisema. Ndivyo alivyozoea kumwita binti yake.

Godoro likainuka, mlango ukafungwa.

Dakika kumi baadaye binti akaingia mbiombio kutoka shuleni alikofundisha, mtaa wa pili tu, unga wa chaki umemganda kwenye mikono ya gauni.

“Shikamoo, baba. Nimechelewa, mkuu wa shule alituweka kikao. Ngoja ninawe mikono nikuwekee dawa.”

“Marahaba. Dawa gani tena? Si umeshaniwekea?”

“Saa ngapi? Mimi ndiyo kwanza naingia.”

“Basi nani?”

“Umeota, baba. Chupa ninayo mimi mkobani tangu asubuhi.”

Binti alicheka, naye akacheka. Lakini mzee alipogusa shavu lake, alilikuta limelowa.

Mzee Sekunde hakuwa mtu wa kuota mchana. Alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini, na jina hilo alipewa na wateja kwa jinsi alivyobishana na mtu juu ya sekunde mbili. Macho ndiyo yaliyomwangusha. Ukungu ulimwingia kidogo kidogo, hadi siku aliyomrudishia mteja saa inayokwenda kinyumenyume, mtaa mzima ukacheka wiki nzima. Ndipo binti alipomshika mkono wakaenda hospitali. Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi kuliko foleni. Masharti ndiyo yaliyokuwa marefu kuliko ya mwenye nyumba: usisugue jicho, usiiname, usinyanyue kitu kizito, maji yasiingie, na ukilala, hata kama ni mchana, lazima kifuniko kiwe juu.

“Kidonda ni kidogo sana,” muuguzi alimwambia, “lakini kwa sasa ni kama mlango ambao haujafungwa komeo. Kisichotakiwa kisiingie.”

Siku ya nne godoro lilibonyea tena. Safari hii ilitangulia harufu, ya udongo uliotoka kuchimbwa baada ya mvua. Mzee Sekunde akabana pumzi.

“Nani?”

Kitu kikamkaribia sikioni. Sauti ilikuwa ya mwanamke, ya chini, imekauka kama ya mtu aliyelia hadi machozi yakamwishia.

“Mtoto wangu yuko wapi?”

Alipopiga kelele, jirani wa chumba cha pili alikuja akamkuta peke yake, shuka imemzonga miguuni. Jirani akamletea maji ya kunywa, akampa pole, akarudi kwake.

Tangu hapo jicho likaanza kuwasha. Ulikuwa mwasho wa ajabu, kama unyasi unaochokonoa kutoka ndani ukitafuta pa kutokea, na ulimjia akilala tu. Mara mbili aliamka akakuta kucha zake ziko pembeni ya kifuniko, zinakwangua. Binti alimpigia simu muuguzi, naye akasema kuwashwa kidogo ni kawaida, ila jicho likiuma, likiwa jekundu au likififia, waje mbio bila kungoja miadi. Binti alilitazama jicho kwa tochi. Lilikuwa safi.

“Nifunge mikono,” Mzee Sekunde alimwambia siku ya sita.

“Baba, jamani! Nikufunge kama mwizi?”

“Nikilisugua usingizini nitalipasua. Wewe una kipindi kimoja tu kimebaki. Nifunge, nenda, rudi unifungue.”

Hakumwambia habari za sauti. Angeanzia wapi? Binti alimvalisha soksi nene mikononi, akamfunga vifundo vya mikono kwa ncha mbili za kitambaa chake cha kichwani, kila mkono kwenye ubao wa kitanda, si kwa kumkaza, lakini kwa namna ambayo peke yake asingejifungua. Akambusu kwenye paji la uso, akatoka. Viatu vyake vikasikika uani, kisha lango, kisha kimya.

Harufu ya udongo ikaja papo hapo, kama iliyokuwa imengoja lango lifungwe.

“Nani aliyemtoa?” sauti ikauliza.

Mzee Sekunde alivuta mikono, kitambaa kikakaza, na wakati huohuo akasikia ncha ya plasta ikinyanyuliwa, si kwa haraka, bali kwa utulivu wa mtu ambaye ana mchana mzima, plasta ikiachana na ngozi unywele kwa unywele kuanzia shavuni hadi kwenye paji la uso, kifuniko kikalegea, hewa ikapenya, mwanga mwekundu ukajaa nyuma ya kope alizozibana kwa nguvu zake zote, na juu ya kope hizo kikatua kidole, chembamba, baridi, laini kabisa kama kidole kisichokuwa na ukucha, kikaanza kutafuta kidonda, kikipapasa huku na huku kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo gizani.

“Nilimweka humo akiwa mdogo kama punje,” ilisema sauti. “Nikamlea miaka saba. Nimekwenda na kurudi, nimekuta nyumba tupu. Nani aliyemtoa mwanangu?”

Angeweza kusema daktari. Ulimi wake ulikuwa tayari. Lakini kilichomtoka kilikuwa kingine, jambo ambalo hata binti yake hakuwahi kulisikia kwake.

“Mimi ndiye niliyekubali atolewe,” alisema. “Sikujua kwamba ni mtoto wa mtu. Ningejua... Mimi na marehemu mke wangu tulimzika wa kwanza wetu akiwa na siku tisa. Nilimbeba mwenyewe. Hadi leo mkono huu unaukumbuka uzito wake. Pole, mama. Sina la kukupa zaidi ya pole.”

Kidole kikasimama. Halafu kidole kikainuka, kikavuka pua, kikashuka juu ya jicho la kushoto, lile ambalo lilikuwa bado na ukungu wake, likisubiri zamu. Kikalipapasa taratibu, kama unavyopapaswa utosi wa kichanga.

“Pacha wake bado yupo,” sauti ilisema, na kwa mara ya kwanza ilikuwa ya uchangamfu, jambo lililomtisha kuliko yote. “Huyu utaniachia?”

“Nitakuachia.”

“Mpaka atakapoamka?”

Mzee Sekunde hakujua kuamka huko ni kupi. Jicho lake la kulia lilikuwa wazi, halina ulinzi, mikono yake imefungwa.

“Mpaka atakapoamka,” alijibu.

Plasta ikarudishwa, ikasawazishwa vizuri kuliko alivyoibandika binti.

Mwanamke yule hakurudi tena. Mwasho ukaisha siku hiyohiyo. Baada ya wiki mbili walikwenda kliniki, Mzee Sekunde kavaa miwani myeusi, akimsomea binti vibao vya maduka njia nzima hadi akamchosha. Daktari wa macho, mama mmoja mcheshi, alimkalisha mbele ya mashine, akamwekesha kidevu kwenye kibao.

“La kulia limepona vizuri. Umelitunza, mzee. Sasa tupange hili la kushoto?”

“Hata wiki ijayo, daktari,” binti alisema.

“Hilo liacheni,” Mzee Sekunde alisema.

“Baba! Kwa nini?”

“Moja linanitosha.”

“Basi acha nilitazame tu,” daktari alisema, akasogeza taa.

Mwanga ukaingia. Daktari, aliyekuwa akivumisha wimbo puani, akanyamaza.

“Mzee, umesogeza jicho?”

“Sijalisogeza.”

Daktari akafuta vioo vya mashine kwa kitambaa, akatazama tena. Akarudisha kiti nyuma.

“Mwalimu, hebu kaa hapa utazame. Labda mimi nimechoka. Mtoto wa jicho huwa hasogei.”

Binti akakaa kwenye kiti cha daktari, akainamia mashine. Mzee Sekunde alimsikia akivuta pumzi na kusahau kuitoa.

“Kimejigeuza,” alinong’ona. “Baba, kuna kitu kimelala humo, na sasa kimejigeuza.”

“Zima taa, mama,” Mzee Sekunde alimwambia polepole, bila kupepesa. “Utamwamsha.”