Fundi wa Kibondo na Kasi Iliyopotea

Asubuhi stendi ya Kasulu haina adabu. Asiyesafiri anakatiwa tiketi, anayesafiri anapigwa vikumbo, na utingo akishakushika mkono, kujinasua ni kazi. Katikati ya vurugu hiyo alisimama Akimana, gauni la kitenge cha njano limemkaa mwilini sawasawa, nywele kazisuka twende kilioni. Alikuwa amelikumbatia kasha la kompyuta na kugombana na utingo wa basi la Kibondo.

“Haiingii kwenye buti. Nimeshasema!”

“Dada, mzigo hukaa na mizigo wenzake.”

“Basi na wewe kakae huko huko.”

Watu waliangua kicheko. Hapo akajitokeza kijana mmoja mrefu, shati jeupe limenyooshwa pasi, viatu vinang’aa. Ulikuwa mwezi wa sita, vumbi jekundu limeanza, na Akimana aliamini kuwa mwanamume mwenye viatu vinavyong’aa msimu huo ni mchungaji au ni tapeli.

“Nipe mimi,” kijana alisema, sauti yake ikimezwa na honi za mabasi. “Nitaipakata mpaka Kibondo.”

“Huko unamjua fundi Cyriaque? Ana duka karibu na soko.”

“Namjua sana.”

“Mkabidhi mkononi. Ndiye aliyeniundia kompyuta hii, ila tumezungumza kwa simu tu. Ana sauti nzito. Nadhani ni mzee wa miaka sitini hivi.”

“Sitini na miwili,” alijibu kijana bila kucheka. “Na ni mkali huyo! Nimwambie inaumwa nini?”

“Inachemka. Nikianza kuhariri video za harusi inanguruma kama mashine ya kusaga, halafu inajizima. Mwambie bibi harusi wa watu amekatikia getini kanisani, mara nne.”

“Pole yake. Nitamwambia.”

Jioni simu ya Akimana iliita.

“Binti, mzigo umefika salama,” ilisema ile sauti nzito.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Kijana aliyeuleta amenisumbua sana. Anauliza kama mwenye mzigo ameolewa.”

“Mwambie bado. Ana viatu vizuri, lakini maringo yamemzidi.”

Upande wa pili mtu alipaliwa na kicheko. Kile kicheko hakikuwa cha mzee. Akimana aliruka kutoka kitini.

“We! Kumbe ni wewe! Nirudishie shikamoo yangu!”

“Siirudishi. Niliipakata kompyuta yako mpaka magoti yakafa ganzi, shikamoo moja ni haki yangu.”

Hivyo ndivyo mapenzi yalivyoanza, na sitaki kuyapamba zaidi ya hapo. Siku ya tatu Cyriaque alirudi na kasha mwenyewe, maana, alidai, mashine zake hazisafiri na wageni. Alimwonyesha Akimana ugonjwa wa kompyuta kwenye picha alizopiga: feni limejaa vumbi jekundu kiasi cha kuota mboga, na ile pesti inayopakwa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ili kupitisha joto imekauka kama ugali wa juzi. Alikuwa amesafisha na kupaka mpya. Kompyuta ilikimbia.

“Ikingeni na vumbi,” aliaga akiwa mlangoni. “Hilo tu.”

Mama yake Akimana, Mama Rosa, alisikia kutoka jikoni. Alishampenda kijana yule tangu alipomwamkia kwa Kiha na kumsaidia kuteremsha sufuria. Alichukua sindano yake ya kufumia na uzi mweupe. Nyumbani kwake redio ilikuwa na kitambaa cha kufuma, televisheni ilikuwa nacho, hata mtungi wa gesi haukukaa uchi. Hii kompyuta ya mkwe alitaka ipate kitambaa cha kipekee, kwa hiyo alifuma gauni zima la kasha, juu mpaka chini, lenye maua pembeni na kitundu kimoja mbele cha kupitisha kidole cha kuwashia. Ili vumbi lisipenye kwenye nyuzi, ndani alilitia bitana ya nailoni. Kazi ilimchukua wiki saba, na siku lilipovalishwa majirani walikuja kulitazama.

Wiki saba hizo zilikuwa tamu. Kila jioni simu ililia, na Cyriaque akamwita mukunzi, yaani mpenzi kwa Kiha.

“Umekula, mukunzi?”

“Nimekula. Wewe?”

“Nakula sauti yako.”

“Utakonda, fundi. Tafuta maharage.”

Kisha ikaja kazi ya kwaya ya Kagerankanda. Uzinduzi wa video yao ulipangwa Jumapili kanisani, na Jumatano kompyuta ikaanza kutambaa. Safari hii haikujizima. Ilijikokota tu, picha zinaruka, waimbaji wanafungua vinywa na sauti inafika baadaye. Akimana alifungua ule ukurasa unaoonyesha kasi ya prosesa. Kwenye stakabadhi Cyriaque alikuwa ameandika gigahezi 3.6. Kwenye skrini ilisomeka 0.79.

Aliipiga picha ile namba akamtumia Hilali, fundi simu wa pale mtaani. Hilali hakuinuka hata kitini kwake. Alijibu papo hapo: “Dada, umebadilishiwa prosesa. Yako imeuzwa, umewekewa ya mtumba. Hao wa Kibondo tunawajua.”

Akimana aliusoma ujumbe ule mara mbili. Kumbe magoti kufa ganzi, kumbe mukunzi, vyote vilikuwa chambo! Hasira ukiipa nafasi ya kukaa, itajitandikia na kitanda. Akimana alifungua kundi la WhatsApp la wapambaji na wapiga picha wa Kasulu na Kibondo, watu zaidi ya mia mbili, akashikilia alama ya kipaza sauti.

“Jamani, yeyote mwenye kompyuta kwa Cyriaque akaichukue leo. Ni mwizi. Anaiba prosesa, na anaiba na mioyo ya watu.”

Akaachia.

Cyriaque alimpigia simu mara kumi na moja, Akimana hakupokea. Alilia, akanawa uso, akalia tena. Asubuhi ya Alhamisi wateja watatu wa Kibondo walichukua mashine zao mezani kwa fundi, na mmoja alihesabu skrubu mbele yake. Fundi hana mtaji unaozidi jina. Likichafuka, hata bisibisi humchukia.

Mchana ujumbe mmoja uliingia kwa Akimana: “Nakuja na basi la asubuhi. Usiizime kompyuta.”

Ijumaa saa nne Cyriaque alibisha hodi, shati jeupe lile lile, viatu vile vile, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

“Karibu, mkwe!” alishangilia Mama Rosa, ambaye hakuwa na habari ya lolote.

“Ego, mama,” aliitikia kwa Kiha. “Nimekaribia.”

Akimana alimpokea kwenye chumba chake cha kazi, mikono kiunoni.

“Umeleta prosesa yangu?”

“Kaa hapo mbele ya skrini. Nisomee jina la prosesa, herufi kwa herufi.”

Alisoma kwa sauti ya ukali. Cyriaque alimpa nakala ya stakabadhi.

“Sasa soma hii.”

Alisoma. Alisoma tena polepole, ukali ukiyeyuka njiani. Lilikuwa jina lile lile, namba zile zile.

“Jina halisemi kitu,” alijitetea. “Kasi je? Mbona imepotea?”

“Haijapotea. Prosesa ikizidiwa na joto inapunguza mwendo yenyewe isiungue. Swali ni joto limetoka wapi, maana nilikuachia feni safi.”

Aliinama chini ya meza, akalipapasa kasha.

“Akimana, mukunzi... nani kaivalisha kompyuta gauni?”

“Mama. Si ulisema tuikinge na vumbi?”

Cyriaque alilivua lile gauni taratibu, kwa heshima zote, akigeuza bitana ya nailoni ili Akimana aione. Ilikuwa na joto la chapati. Feni lilivuta pumzi. Wote wawili walitazama skrini, na namba ikaanza kupanda: 1.4, 2.2, 3.1. Ilipofika 3.6 Akimana alikuwa amefunika uso kwa viganja.

“Nimekuita mwizi,” alisema kwa sauti ndogo. “Mbele ya watu mia mbili.”

“Mia mbili na kumi na nne. Niliwahesabu.”

“Nisamehe, Cyriaque. Ningepokea simu yako tu...”

“Nami nina sehemu yangu. Niliwaambia muikinge, sikuwaambia kwa nini wala kwa namna gani. Nawe nilikusamehe kabla sijapanda basi.” Alikunja gauni, akaliweka mezani. “Lakini msamaha wangu unaishia humu chumbani. Jina langu liko nje. Ulilichafua kwa sauti yako, na hakuna sauti nyingine itakayolisafisha.”

Akimana alielewa, na aliogopa. Kundi lile ndilo soko lake. Akisema alikosea, nani atamwamini tena? Akinyamaza, huyu mtu atarudi Kibondo na meza tupu. Hakuchukua muda mrefu kuchagua. Alishika simu, akabonyeza.

“Ni mimi Akimana wa Kasulu. Juzi niliwaambia Cyriaque ni mwizi. Nilisema uongo kwa hasira. Prosesa yangu ni ile ile aliyoniuzia, tatizo ni kwamba tuliifunika nyumbani kwetu ikakosa hewa. Hakuniibia kitu. Mliochukua mashine zenu, rudisheni. Aibu ni yangu, yeye hana.”

Aliachia kidole, akaitupa simu mezani kama imemuunguza. Cyriaque aliitazama simu ile, kisha akamtazama yeye, na macho yake yalikuwa na maji.

“Urakoze,” alimshukuru kwa Kiha. Akatoa simu yake mwenyewe mfukoni, akalifungua kundi lile lile, akashikilia kidole kwenye kipaza sauti.

“Ndugu zangu, ni Cyriaque wa Kibondo. Mmemsikia, na mimi nimemsikia. Kwa hiyo natangaza: Jumamosi ijayo naleta wazee wangu kwa Mzee Tharsisi hapa Kasulu, kumposa binti yake Akimana. Natafuta mpiga picha, maana yule ninayemwamini siku hiyo atakuwa na kazi nyingine.”

Kidole chake kilikuwa bado kimeshikilia, simu bado inarekodi, sekunde zinakimbia kwenye skrini, na jasho lilikuwa linamtoka.

“Niachie au nifute?” alinong’ona.

Akimana alisogea, akaweka mkono wake juu ya mkono wa Cyriaque.

“Achia, mukunzi,” alisema kwa nguvu, na watu mia mbili na kumi na nne wakalisikia jibu lake.