Feni ya Nthiga

Haya yalimpata dada yangu Gatakaa. Nayaandika kama alivyonisimulia, mtoto amelala katikati yetu, na mkono wa dada haukuondoka kifuani mwa mtoto.

Gatakaa na mumewe Murungi walipanga chumba Majengo, mjini Meru. Murungi ni fundi wa mitambo ya intaneti. Jumatatu hiyo alitumwa kubadilisha kisanduku cha feni kinachopoza mtambo mkubwa. Kazi yenyewe ni fupi. Unashika kipya mkononi, unachomoa cha zamani, unasukuma kipya ndani kabla ya dakika mbili kwisha, la sivyo mtambo unashika joto na kuzimika. Kisha unaandika jina lako na tarehe juu ya kisanduku kwa kalamu nyeusi. Kile cha zamani huachwa kwenye rafu mle ndani.

Cha zamani kilikuwa kimeandikwa NTHIGA, na tarehe ya miaka mitatu iliyopita.

Murungi hakukiacha. Kilikuwa na feni mbili, na ni moja tu iliyokuwa imekufa. Nyumbani makaa yalikuwa yamelowa kwa mvua. Akakitia mkobani.

"Wenzangu huletewa nyama," Gatakaa alimcheka. "Mimi naletewa vyuma!"

"Utanishukuru jiko likiwaka, Mama Sheila."

Asubuhi, Murungi akiwa bafuni nje, Gatakaa aliunganisha kisanduku na betri, akakielekeza kwenye jiko lililokuwa likifuka moshi tu. Feni zote mbili zikazunguka. Hata ile iliyokufa.

Makaa hayakushika. Moshi ulikuwa ukivutwa ndani ya feni. Akakigeuza. Ukavutwa tena. Kwa nyuma haukutoka.

Kitandani, Sheila, wa miezi saba, alikohoa mara moja. Kisha kimya.

Gatakaa alimwinua. Mdomo ulikuwa wazi. Kifua kilipanda kidogo, kikakaa. Akachomoa waya. Feni ziliendelea kuzunguka.

"Baba Sheila," aliita.

Murungi aliingia na sabuni usoni. "Toa betri."

"Nimeitoa. Waya huu hapa mkononi."

Murungi alinyakua kisanduku, akakimbia kukirudisha kilikotoka. Kazini kwake ni nyuma ya soko tu. Gatakaa alibaki akisikiliza. Pumzi moja. Kimya kirefu. Nyingine.

Gitari, mlinzi wa chumba cha mitambo, aliona alichobeba Murungi, akafungua mlango bila kuuliza.

"Hukuambiwa?" alinong'ona. "Nthiga alikuwa na pumu. Siku hiyo iliyoandikwa hapo alimaliza kukifunga, mlango ukakataa kufunguka. Tulimkuta amekufa, mdomo ameubandika kwenye feni."

Murungi alikiweka kwenye rafu. Feni zikasimama.

Majengo, saa hiyo hiyo, Sheila alivuta pumzi ndefu, akalia. Moshi mwembamba ukamtoka puani.

Hospitalini walisema mapafu ni mazima. Dada alimshukuru Mungu, akaanza kupata usingizi.

Ijumaa, Murungi alirudi kuchukua bisibisi aliyoisahau. Kisanduku kilikuwa pale pale. Kazini hakuna aliyejua jina la mtoto wake. Lakini chini ya jina la Nthiga, kwa kalamu ile ile, kwa mwandiko ule ule, kulikuwa kumeandikwa SHEILA.

Tarehe ilikuwa bado haijaandikwa.