Dawa za Rangi Mbili

Kila asubuhi Milembe alifagia uwanja, akateka maji, kisha akashika njia ya shule. Siku hiyo baba yake, Mayige, alimwita nyuma ya ghala la pamba.

"Ng'wana wane, mwanangu, ukirudi pitia dukani. Zile za rangi mbili. Mama yako asijue."

Milembe alizijua. Vidonge vichache leo, vichache wiki ijayo, kila kifua kilipombana baba. Mayige hakuwa mzee; gunia la pamba alilibeba mwenyewe. Lakini msimu wa kuuza ulikuwa umefika pale Kasoli, naye aliogopa watu waseme ana kifua kikuu, wamkimbie kwenye mizani.

Kikohozi, bwana, hakina adabu ya kutunza siri. Jumapili pumzi ilimkata Mayige, wakampakia kwenye gari la jirani hadi hospitali mjini Bariadi.

Wodi ya wanaume ilijaa watu wa rika lake: wakulima, mafundi, baba za watu, wote vifua.

"Ninyi wababa," daktari alisema akimwekea Mayige oksijeni, "mpaka mletwe kama magunia! Mama, ametumia dawa gani?"

"Hajatumia kitu, daktari. Huyu hata panadoli haitaki," akajibu Nyanjige, mama yake Milembe.

Mayige alimkazia binti yake macho: nyamaza. Kwao mtoto hamkanushi mzazi mbele ya watu. Lakini midomo ya baba ilikuwa imebadilika rangi.

Milembe akapiga magoti. "Mayu, mama yangu, nisamehe. Anatumia. Huwa nanunua mimi, za rangi mbili. Akipata nafuu anaacha."

"Umenificha mimi?" mama akamaka.

"Mwache aseme," daktari akakata. "Tangu lini?"

"Tangu palizi."

Daktari alibadilisha palepale dawa aliyokusudia kumpa, akaagiza makohozi yapimwe. Haikuwa kifua kikuu. Ilikuwa nimonia kali, na zile dozi nusunusu zilikuwa zimeichokoza tu.

Mama alimnunia Milembe siku zote za kulazwa baba. Mayige alipoweza kumeza uji, alimwita binti.

"Umeniumbua," alisema kwa sauti nyembamba. Milembe akainamisha kichwa. "Ungenitii, sasa hivi mngekuwa matangani. Nyanjige, usimnunie mtoto. Mimi ndiye nilimtwika uongo. Mkubwa akikutuma umfichie ugonjwa, Milembe, hata nikiwa mimi, sema. Dawa ni ya kupimiwa, na dozi ni ya kumaliza."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akajikohoza.

"Sista," akaita, "hebu mrudishe daktari. Kuna dawa nami sikuitaja."