Mtaa wa Nyuma, Pasiansi

Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, jua kali, na upepo wa ziwa ulikuwa ukiyatikisa maturubai ya msiba mtaani Pasiansi. Pius, mpima ardhi, alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Alipita katikati ya waombolezaji, akaingia ndani kumpa pole mjane, akapiga magoti mkekani.

"Shikamoo, Bibi. Pole sana kwa kuondokewa na Mzee Chenge."

"Marahaba, mjukuu wangu," alijibu Bibi Ng'washi. Akamshika mkono, asiuachie.

Pius alipoinua macho aliona picha ya marehemu ukutani. Hakuwa Mzee Chenge, baba wa Nestory, mfanyakazi mwenzake. Chini ya picha paliandikwa "Mwalimu Machibya". Msiba wa akina Chenge ulikuwa mtaa wa nyuma!

Simu ikatetemeka mfukoni. Angeweza kuondoka, lakini mkono wa Bibi ulikuwa wa baridi, na sasa ulikuwa umetulia ndani ya wake. Akaizima simu. Akakaa mpaka jioni, chakula kilipoletwa akala naye.

Ndipo alipokuja Evelina, mjukuu wa marehemu, amejifunga kitenge cheusi chenye maua ya zambarau, na chai mkononi.

"Kaka, Bibi alikuwa hajala tangu jana. Kwako amekula. Ulikuwa mwanafunzi wa babu?"

Pius alifungua kinywa. Kwaya ikaanza kuimba nje, jibu likamezwa na wimbo, naye hakulirudia.

Mapenzi yakaanza kwa simu.

"Umekula?" Pius aliuliza usiku mmoja.

"Nimekula sato. Wewe je?"

"Mimi nimeshiba sauti yako."

"Basi leo utalala njaa, mpenzi."

Miezi sita ilipita kwa raha. Siku moja wakiwa kwenye kivuko, wakitoka Kamanga, Nestory aliwaona.

"Shemeji! Amekusimulia alivyopotea? Sisi tunamzika baba, mwenzetu analia kwa jirani!"

Evelina hakucheka. "Pius, babu hukumjua?"

"Sikumjua."

"Nawe ukaniacha nimshukuru babu kila siku kwa kukuleta kwangu?"

Kivuko kilipotia nanga Evelina alishuka peke yake. Hakupokea simu tena.

Jumapili Pius alikwenda kwa Bibi Ng'washi, akakiri yote. Bibi alicheka mpaka kilemba kikamlegea.

"Nilijua tangu ulipomtaja Chenge. Macho yangu ndiyo mabovu, masikio hayana shida."

"Mbona hukunifukuza?"

"Wengine walinipa pole, wakarudi kwenye simu zao. Asubuhi ile nilimwomba Mungu aniletee mtu wa kukaa nami. Sikumwambia awe anamjua Machibya."

Evelina alitokeza kutoka jikoni, mwiko mkononi.

"Bibi! Ulijua, ukaninyamazia?"

"Ulikuwa umeanza kucheka tena. Ningekuharibia?"

Evelina akamgeukia Pius. "Nawe, siku nyingine ukipotea, sema mapema."

"Basi nasema. Nimepotea. Natafuta nyumba ya mke wangu."

"Ana jina?"

"Evelina."

Evelina akamnyooshea mwiko, akatabasamu. "Leo hujakosea mtaa."

Evelina alirudi jikoni kuusonga ugali kabla haujaungua. Pius alimpigia Nestory, akamwomba awe mshenga. Nestory alikubali, akasisitiza kwamba nyumba ya kuposa ataitafuta yeye mwenyewe, asije akapotezwa. Bibi Ng'washi alinawa mikono, akaketi mkekani, akapapasa nafasi iliyokuwa kando yake. Pius alizima simu, akaenda kukaa.