Unga wa Uji wa Ruphin

Kwa nini vifaranga wa Mama Najma walikuwa wakifa? Jumatano ile kila mtu katika ua wetu, mtaani Bertrams, aliuliza hivyo.

Mama yangu, Jeanne, hutengeneza unga wa uji wa watoto kwa mahindi, soya na karanga. Kila Jumamosi mimi huchambua karanga kwenye ungo kabla hazijakaangwa. Jumamosi iliyotangulia gunia lilikuwa limelowa, na karanga nyingi zilikuwa na ukungu wa kijani. Rafiki yangu Belyse alinisubiri langoni.

"Eish, Shekinah! Utachambua mpaka Krismasi?"

Nikawatupia vifaranga chenga zilizooza kabisa. Zilizobaki nikazimimina kikaangoni bila kuzichambua. Nilijiambia kwamba moto utamaliza kila kitu.

Sasa Mama Najma, aliyekuwa afisa kilimo kwao Dodoma, aliokota chenga moja, akainusa.

"Jeanne, hii ina sumukuvu, sumu ya ukungu. Ukikaanga, ukungu hufa lakini sumu hubaki. Huharibu ini la mnyama na la binadamu, na mtoto anayeila mara kwa mara hudumaa."

Mtoto! Asubuhi hiyo nilikuwa nimemwona Ruphin, mwenye miezi minane, akilishwa uji wetu huku akicheka. Nikamgeukia Mama.

"Mama, ni mimi. Sikuzichambua. Zimo kwenye unga."

Mama hakunigombeza. Aliketi juu ya ndoo, akajifunika uso kwa kitenge. Afadhali angenichapa.

Tulikimbia kwa Mama Célestine, mama yake Ruphin. Alimbeba mtoto hadi kliniki bila kunitazama. Muuguzi alimpima, akasema hana dalili mbaya, ila asiuonje tena unga ule na arudishwe baada ya wiki.

"Anayekula hawezi kuiona sumu hii," Mama Najma aliniambia tukirudi. "Anamtegemea aliyechambua. Ukichoka, sema umechoka. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo."

Jioni hiyo hiyo wateja wa Mama walikusanyika uani. Nilisimama mbele yao.

"Mama zangu, mimi ndiye niliyeacha karanga zenye ukungu. Naomba mrudishe unga wote wa wiki hii. Tutautupa, hata kuku hawatapewa. Na kuanzia leo, karanga zikiota ukungu, hatutasaga."